Gari la Mahari Linalonikosoa Mbele ya Watu

Simel ole Tajeu,
Nje ya Kitengela, upande wa Isinya.
Alhamisi jioni.

Kwa Mzee Githongo,
Mfugaji wa kuku, Isinya.

KUH: GARI MLILOLETA BADALA YA DUME, NA TABIA ZAKE

Pagari wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na Mama Wahome, pamoja na kuku wenu ambao nasikia wameanza kutaga tena baada ya ule ugonjwa. Sisi huku ni wazima. Mvua inanyesha, nyasi zimeota, ng'ombe wameshiba, na mimi nina hasira.

Kwanza nieleze tena jina hili, maana nasikia ulimwambia mtu sokoni kwamba hujui kwa nini nakuita hivyo. Sisi tukipeana mnyama, majina yetu tunayaweka kando. Ukinipa dume la ng'ombe, mimi nakuita Pakiteng na wewe unaniita Pakiteng, mpaka mmoja wetu azikwe. Ukinipa kondoo, tunaitana Paker. Mwanao Wahome alipomwoa binti yangu Kakenya, dume mmoja mweusi wa mahari alibaki nyuma, na mwaka jana mwezi wa kumi mkaja kumleta. Mkaja bila yeye. Mlileta gari jeupe kutoka Japani, limetumika kidogo, limefungwa utepe mwekundu mbele, na Wahome akasema mzee aliyeendesha lori miaka thelathini anastahili kukalia kiti kizuri. Wazee wangu walitazamana. Hatuna jina la zamani la mtu aliyepewa gari na wakwe, kwa hiyo tukalitengeneza papo hapo, Pagari, tukacheka, tukala nyama. Nilikubali kwa roho safi, na nakuomba ulikumbuke hilo unaposoma yanayofuata.

Hoja yangu ni hii. Kwetu, kitu kinacholetwa na mkwe huja na enkanyit, yaani ile heshima ambayo mdogo humpa mkubwa. Wahome mwenyewe anayo, na hapo nakupongeza kwa malezi. Kijana huyo hajawahi kunipinga hata siku moja. Nikimwambia kesho mvua itanyesha, na anga haina hata wingu, anasema ndiyo baba. Basi iweje gari lake linipinge mara tatu kabla sijafika Isinya?

Kiangazi chote lilikuwa na adabu. Nililipeleka Kiserian kwenye soko la mifugo, nikalipeleka Kajiado kwenye mazishi, likaenda na kurudi bila neno. Mvua ilipoanza ndipo lilipoonyesha tabia yake, na tabia hizo nimeziandika hapa moja baada ya nyingine ili usiseme nasikia vibaya kwa sababu ya uzee.

1. Lina uchongezi. Mbele ya usukani kuna taa ndogo ya manjano yenye picha ya gari linaloacha mistari miwili iliyopinda nyuma yake. Tairi zikiteleza kidogo tu, taa hiyo inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Mzee mwenzangu, mimi nimebeba mawe ya machimbo ya Kitengela tangu nikiwa na nywele zote, na makosa yangu ya barabarani yalikuwa siri kati yangu na lami. Leo mke wangu Nailantei, ambaye hajawahi kushika usukani, anakaa kando yangu na kusoma makosa hayo yakiandikwa. Tukienda kanisani huwa anayahesabu kwa sauti. "Baba Kakenya, imewaka tena. Hiyo ni ya tisa." Jumapili moja tulifika na kumi na moja, na mchungaji aliposimama mlangoni kutusalimia, alipewa hesabu hiyo kabla hajaulizwa hali.

2. Lilikataa amri yangu mbele ya akina mama wa kanisa. Unaifahamu njia ya kuingia kwangu, ule udongo mweusi ambao ukinyeshewa unashika kiatu na kubaki nacho. Siku hiyo akina mama walikuwa kwangu kwa maombi, wamekaa chini ya hema, wanatazama barabara kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kutazama. Nilipofika pale pabaya nilikanyaga mafuta jinsi ninavyojua, ili tairi zizunguke, zitupe matope, zipate pa kushika. Gari likapunguza sauti. Nikakanyaga zaidi, likapunguza zaidi, kama mtu aliyeulizwa swali la hesabu. Taa ikawaka, tukakaa. Nilivutwa na punda wanne wa jirani yangu Katoo, punda wa kubeba maji, na akina mama wakaimba wimbo wa shukrani nilipofika mlangoni. Sikuupenda wimbo huo.

Nililipeleka kwa fundi, Mwanzia, yule mwenye gereji karibu na kituo cha petroli. Alinieleza kwa upole mno, jinsi watu wanavyowaeleza wagonjwa. Anasema kila tairi lina kitu kinachopima linavyozunguka. Kwenye usukani kuna kingine kinachojua umeelekeza wapi, na katikati ya gari kuna cha tatu kinachojua gari linakwenda wapi kwa kweli. Ukielekeza huku na gari likaelekea kule, breki ya tairi moja inashikwa yenyewe, injini inapunguzwa nguvu, mpaka wewe na gari mwelewane. Wahome anaita mambo hayo stebiliti. Mimi naona nimewekewa wapelelezi watatu, na siku ya mahari hakuna aliyenitajia hata mmoja.

Mwanzia akanionyesha kitufe cha kuwazima. "Mzee, hii finya ukiwa kwa matope peke yake, ndio tairi zizunguke. Ukifika lami washa tena. Usisahau hiyo ya pili, tafadhali." Nilimsikia. Nakiri mbele yako kwamba sehemu ya kwanza niliisikia vizuri kuliko ya pili.

3. Halishiki maagizo. Nikikizima kile kitufe, na lazima nikibonyeze kwa muda mrefu kama ninayempa mkono waziri, wapelelezi wanalala. Lakini nikizima injini ninunue mkate, nikiwasha tena, wote wako macho. Mtumishi anayeambiwa jambo asubuhi na kulisahau saa nne angefukuzwa kazi popote pale, hata kwako Isinya. Kwa hiyo sasa kila ninapowasha gari nabonyeza kwanza, kwenye matope na kwenye lami, kwa sababu mimi ndiye mwenye gari.

4. Lilinipiga teke. Hili nalisema polepole kwa sababu ni zito. Nilikuwa naingia Kitengela, bodaboda akanikatia mbele bila kutazama, nikakanyaga breki kwa nguvu. Kile kikanyagio kilinirudishia mguu. Kilinigonga unyayo mara nyingi mfululizo, gru gru gru, na hata kitufe kikiwa kimezimwa jambo hilo haliachi. Mwanzia anasema ni kawaida, eti breki zinashika na kuachia haraka ili tairi zisijifunge na gari liendelee kufuata usukani. Labda. Kweli bodaboda nilimkwepa, na aliendelea na safari yake akinitukana. Lakini kitu cha mkwe kimempiga mzee teke mguuni, na kwetu kosa hilo hulipwa kwa kondoo na pombe ya asali, na mkosaji huja mwenyewe kuomba msamaha. Nieleze gari litaombaje msamaha.

5. Lilishika usukani wangu. Siku moja tulitoka sokoni Kiserian, mimi na Nailantei na kondoo wawili nyuma, na nilikuwa nimesahau kubonyeza. Kwenye ile kona ya mteremko, mvua ikinyesha, nyuma ya gari ilianza kwenda zake. Nilijua la kufanya, mikono yangu ilikuwa tayari inalifanya. Kabla sijamaliza, nikasikia tairi moja ya mbele ikishikwa, tairi moja tu, na sikuwa nimekanyaga chochote, na gari likarudi mahali pake kana kwamba hakukuwa na tatizo. Kondoo hawakuinua hata vichwa. Nailantei akasema, "Hiyo gari iko na akili kukuliko." Nikamwambia ningeliokoa mwenyewe. "Sawa," akasema. Pagari, umeoa, unajua neno hilo lina uzito gani likitoka kwa mke.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ni nani aliyeendesha gari kwenye kona ile. Kama ni mimi, tairi ilishikwa na nani? Na kama ni gari, basi leseni niliyo nayo mfukoni ni ya nani? Nikifika kwenye baraza la wazee, ni nani atakayepewa kiti na ni nani atakayefungwa nje kwenye kivuli? Leo linajua kona kuniliko. Kesho litajua malisho, kesho kutwa litaanza kunieleza ni ng'ombe gani niuze na ni nani niketi naye harusini, na mwishowe wazee watalisalimu lenyewe kwanza, halafu mimi nisalimiwe kwa kupitia dirishani. Mambo huanza hivyo hivyo, kwa tairi moja.

6. Limenitenganisha na mjukuu wetu Waruguru. Haya matano ya juu ningeyavumilia. Hili siwezi.

Unajua kwamba kila asubuhi, Wahome akiwa ameenda kazini Nairobi na Kakenya akiwa anatoka zamu ya hospitali, mimi ndiye nilikuwa nampitia mjukuu wetu nyumbani kwao Kitengela na kumpeleka shule ya chekechea kwenye barabara ya Isinya. Ana miaka minne. Ana jina la mkeo na mdomo wa mke wangu. Dakika ishirini zile ndizo zilikuwa siku yangu. Zinazobaki ni kungoja jioni. Ananionyesha punda, anawahesabu, anaruka saba kila mara. Ananiita Guka, yaani babu kwa lugha yenu, kama anavyokuita wewe, nami sijawahi kumrekebisha.

Majuma mawili yaliyopita, mezani, alimweleza mama yake kwa furaha kabisa, "Guka hufinya hiyo button halafu gari inacheza densi." Kakenya aliweka kijiko chini. Akaniuliza mara moja tu kama ni kweli. Nikaanza kumweleza juu ya heshima, na dume, na punda wa Katoo, na hakuningoja nimalize. "Baba, mimi nalaza hao watoto kwa wodi. Wanaletwa kutoka hiyo barabara yako. Wewe hutambeba tena." Sauti yake haikupanda hata kidogo. Tangu siku hiyo Waruguru anachukuliwa na gari la shule lenye watoto kumi na wanne na kelele, na mimi naamka saa kumi na moja kama kawaida, nanywa chai, na sina pa kwenda.

Nimeumia, Pagari. Nalisema wazi kwa sababu nimezunguka kurasa tatu nikilitafutia njia. Nimelea binti huyo, nimemfundisha kuvuka mto, na sasa ananitazama kama anayetazama dawa iliyopitwa na wakati.

Kutokana na hayo yote, naleta mbele yako maombi yafuatayo, na nakusihi uyapime kwa utulivu.

Kwanza, mje mchukue gari lenu na mlete dume mweusi tuliyekubaliana. Dume hana taa. Dume akiteleza, mimi na yeye tunateleza pamoja, na hakuna anayehesabu. Kama hilo ni gumu, basi Mwanzia alitoe ubongo kwa gharama yoyote, nami nitaendelea kukuita Pagari kwa moyo mmoja.

Pili, mpaka dume afike, itabidi nihesabu kwamba mahari haijakamilika, na kama haijakamilika basi Kakenya ameolewa nusu tu. Sikusudii kuvunja nyumba ya mtu. Nasema tu kwamba mwanamke aliyeolewa nusu bado ni nusu yangu, na nusu hiyo haiwezi kumkataza baba yake jambo.

Tatu, mtoto wa ndoa ya nusu ana kwao kuwili. Naomba basi Waruguru aje akae kwangu siku za shule. Nitampeleka kwa mkokoteni wa punda wa Katoo. Safari itachukua saa moja na nusu, lakini mtoto huyu anapenda punda, na nina hakika mkokoteni hauna maoni yoyote juu yangu.

Nafikiri umeona kwamba sijaomba jambo lolote lisilo la haki.

Nailantei anakusalimu sana, ingawa hajui naandika nini. Msalimie Mama Wahome, na umwambie nilipokea mayai na yalikuwa mema. Wasalimie vijana wote, na Wahome pia, ambaye kosa lake ni kupenda kunifurahisha kupita kiasi. Kuku nao wapate salamu zao.

Ni mimi mkwe wako, kwa heshima isiyopunguzwa na yale niliyoyaandika,

Simel ole Tajeu.

Nyongeza. Ijumaa, saa tatu asubuhi, barabarani.

Pagari, barua hii nilikuwa nakuletea kwa mkono. Naongeza haya nikiwa nimekaa juu ya jiwe kando ya ua wa shamba la maua, kabla ya kufika kwako. Mwandiko ukionekana mbaya, ni kwa sababu naandikia juu ya goti.

Niliondoka saa moja na nusu. Mvua ilikuwa inanyesha na malori yalikuwa yameshamwaga matope yao kwenye lami. Nilibonyeza kitufe kwanza, kama nilivyokueleza kwenye lalamiko la tatu. Kwenye kona, mbuzi walikuwa wanavuka, wengi, bila haraka. Nikavuta usukani, nyuma ya gari ikatoka, na mikono yangu ikafanya yote inayoyajua tangu enzi za lori. Gari halikunipinga hata kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze, lilinitii kabisa. Lilizunguka mara moja na nusu, likatoka barabarani, likavunja ua wa waya na kugonga nguzo ya mawe kwa ubavu wa nyuma, upande wa kushoto. Mbuzi wote ni wazima na baadhi yao walikuja kutazama. Mimi pia ni mzima. Kioo kimeniparua shavu tu.

Nilitoka nikazunguka gari kutazama hasara. Mlango wa nyuma wa kushoto umeingia ndani, umefika kwenye kiti cha Waruguru, umekikunja mpaka kimegusa kiti cha mbele. Nilikuwa sijakitoa, ingawa nilikatazwa kumbeba. Kilikuwa kitupu. Halafu nikatazama saa, na ilikuwa ile saa yetu ya kupita hapo tukihesabu punda.

Nilikaa chini kwenye matope, Pagari. Gari la shule lilipita nikiwa hapo, na watoto walinipungia mikono. Sikuweza kuona yupi ni Waruguru.

Mwanzia amekuja na gari la kukokota na ndiye atakayekuletea bahasha hii. Amekagua kila kitu, akakuta sijazima gari na kitufe kimezimwa, akakibonyeza mwenyewe, ambayo ni adhabu kubwa kuliko teke. Nimemwomba akishalitengeneza akiondoe kitufe hicho, apazibe. Tukikwama kwenye matope nitaita punda, akina mama waimbe wanavyotaka. Dume mbaki naye. Kakenya ameolewa kamili, na yote niliyoandika juu ya nusu uyachukulie kama maneno ya mtu aliyelala njaa.

Nina ombi moja tu, na siwezi kulipeleka mwenyewe kwa sababu sitaweza kumtazama usoni. Nenda kwa Kakenya leo, umsomee barua hii yote, hata pale ninapoonekana mjinga. Halafu umwombe kwa niaba yangu, asubuhi ambazo hana zamu, aendeshe yeye. Mimi nitakaa nyuma kando ya Waruguru, nimefunga mkanda, na sitamwambia mtu yeyote jinsi ya kushika usukani.